Trela ya Baba na Kabari Mbili za Njano

Sisi tuliokulia Alexandria, Virginia, enzi za kadi za simu za kukwaruza, tulilelewa kwa namna ambayo watoto wetu wakisimuliwa leo wanauliza kama tulipata ushauri nasaha. Tulijifungulia mlango wenyewe kwa ufunguo uliofungwa kamba shingoni. Tulijipashia ugali wa jana. Tulicheza kati na blada, michezo ya kukwepa mpira na kuruka kamba, kwenye maegesho ya magari, mpira wetu ukiwa soksi za Baba zilizostaafu, na gari likitaka kupita mtu anapaza sauti, mchezo unasimama, linapita, tunaendelea. Hakuna aliyetuvisha kofia ya plastiki kichwani. Hakuna aliyetupa medali kwa sababu tu tumeshiriki.

Tulikaa West End, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Ngazi zilinuka viungo vya Waethiopia wa chini, samaki wa kukaanga wa jirani, na yale majani mapana ya dukani ambayo Mama aliapa ni sukuma wiki iliyopotea njia. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, kaka yangu Mutua na mimi, Mwende. Nasema tulikuwa wanne kwa mujibu wa mkataba wa nyumba, maana kutuona wote wanne mara moja ilikuwa kazi.

Baba aliendesha teksi mchana. Mama alifanya zamu ya usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Kazi yake, alivyotueleza, ilikuwa kutembea chumba hadi chumba, anasimama mlangoni gizani, anasikiliza kama mzee wa mle bado anapumua, kisha anakwenda mlango unaofuata. Alirudi asubuhi sisi tukitoka kwenda shule. Baba alirudi jioni Mama akitoka kwenda kazini. Walikabidhiana sisi pale mlangoni kama walinzi wanavyokabidhiana funguo za geti. Siku ambazo Mama hakuwa na zamu alizijaza na kazi ya pili, kwa sababu Amerika, kama mnavyojua, ni nchi ya fursa. Matokeo yake ni kwamba tangu tushuke kwenye ndege hatukuwahi kulala sote wanne chini ya paa moja. Nilikuwa na miaka kumi, na sikujua watu wengine hulala vipi, kwa hiyo sikulalamika. Baba ndiye aliyelalamika, kwa namna yake.

Jumamosi moja asubuhi tulisikia honi maegeshoni. Tulipochungulia dirishani tukamwona Baba ndani ya lile gari lake kuukuu la familia, lile kubwa kama choo cha shule, na nyuma yake anavuta nyumba. Ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na mstari wa kahawia ubavuni uliochoka katikati ya safari. Alikuwa ameinunua kwa abiria wake mmoja wa Fairfax, mwanamume mpole aliyemhakikishia kwamba haivuji sana. Baba, mtu aliyeweza kubishana na muuza nyanya mpaka nyanya zikaoza, safari hii hakubishana.

Mama alifika kutoka kazini wakati huohuo, bado yuko kwenye sare zake za maua, viatu vyeupe mguuni na mkoba wa chakula mkononi. Alisimama. Alikizunguka kile kitu mzunguko mzima.

"Baba Mutua, hii ni nini?"

"Ni trela."

"Naona ni trela. Nakuuliza ni nini."

"Ni ya kwenda kukempu. Kuna vitanda, kuna jiko, kuna kila kitu."

"Tuliacha kuchota maji mtoni Machakos, tukapanda ndege mbili, tukaja Amerika, ndio tuende tukalale msituni?"

Majirani walikuwa wametoka wote. Mutua, aliyekuwa na miaka kumi na tatu na aibu ya kutosha mtaa mzima, alichungulia ndani akatoa kichwa upesi. "Dad, it smells like feet," akasema.

"Hiyo ni harufu ya likizo," Baba akamjibu. Kisha akamgeukia Mama, na hapo akaacha mzaha. "Mama Mutua, nisikize. Humu ndani hakuna shift. Tukiingia tunaingia wote, tunalala wote, tunaamka wote. Mimi hiyo tu ndiyo nataka. Usiku mmoja niwasikie nyote mko ndani."

Mama aliufungua mlango wa trela. Halafu akauliza choo kiko wapi, nasi tukajua amekubali.

Meneja wa majumba yetu hakukubali. Alikuja Jumatatu na tabasamu lile la watu wanaokuambia habari mbaya kwa ajili ya usalama wako mwenyewe, akaeleza kwamba maegesho ni ya magari, si ya makazi mbadala, na kwamba kitu hicho kiwe kimeondoka kabla mwezi haujaisha. Baba alizunguka Virginia nzima akitafuta pa kukiweka. Kila mahali palikuwa na uzio, mbwa, au kodi ya kumtoa mtu machozi. Akaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba huenda akairudisha kwa yule mpole wa Fairfax.

Ndipo alipogundua kwamba duniani kuna watu wanaopenda trela. Sisemi wanaozitumia. Nasema wanaozipenda, kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Walikuwa na uwanja wao wa mazungumzo kwenye mtandao, na Baba akawa mwumini. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda maktaba, akaketi mbele ya kompyuta na kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine kama kuku anayedonoa mtama. Alijiandikisha kwa jina la Baba, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu aliyemjali. Wale wazee wa Kizungu wakampokea kwa mikono miwili. "Karibu, Baba!" "Swali zuri sana, Baba!" Walikuwa watu walioweza kugombana wiki nzima juu ya mpira wa kuunganisha bomba la maji machafu, wakatukanana kwa adabu, wakapatanishwa, wakaanza upya kuhusu upepo wa matairi. Baba alirudi nyumbani akituhubiria. Katika yote aliyojifunza, moja alilikariri kama sala: ukiegesha trela, kabla hujaifungua kutoka kwenye gari, weka kizuizi chini ya tairi.

"Ile kama jiwe la turniboi wa lori," alitueleza. "Kumbe hata Wazungu wanaweka jiwe."

Klabu yao ilikuwa na uwanja wenye uzio karibu na Landover, nyuma ya maghala, ambapo wanachama waliegesha trela zao. Wanachama tu. Na ili uwe mwanachama ulitakiwa kwenda nao kambini wikendi moja, wakutazame unavyoegesha, unavyokula, unavyotupa taka, kisha Jumapili wapige kura. Kura ikipita, trela yetu ina pa kulala na sisi tuna pa kulala. Isipopita, mwisho wa mwezi inarudi Fairfax. Sasa mnaelewa kwa nini Baba alipiga pasi shati la kwendea porini.

Mama aliomba ruhusa ya usiku mmoja kazini, Jumamosi kuamkia Jumapili, na akaipata. Na kwa sababu alikuwa amefurahi, akafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anaweza kulifanya. Wakati wa shuhuda kanisani alisimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena! Watu wa Mungu, Mungu ametukumbuka, ametupa kanyumba ka magurudumu. Jumamosi ijayo tunaenda kukalalia mara ya kwanza huko Maryland, kambi ya kando ya ziwa. Karibuni nyote."

Mama alisema karibuni kwa sababu ya adabu. Kwetu huwezi kutangaza umepata kitu halafu ukakaa chini bila kusema karibuni, utaonekana unaringa. Shida ni kwamba kanisa letu nalo lilikuwa na adabu. Ukiambiwa karibu, unaenda, na huendi mikono mitupu.

Jumamosi Mama alitoka kazini asubuhi tukamchukua mlangoni pa kazi yake, na sare zake vilevile. Ramani tulikuwa tumeichapisha maktaba, karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja. Watoto wa siku hizi wanaambiwa na simu pinda kulia, pinda kushoto, na bado wanapotea. Sisi tulipotea kwa heshima, tukiwa na ramani mkononi na Mama akisema tulipita ile njia zamani.

Kambini tulikuta trela zimepangwa mstari, zinang'aa, na mbele ya kila moja kuna viti vya kukunja. Wenye viti walikuwa wamevigeuza vyote vielekee sehemu yetu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kumtazama mgeni akirudisha trela nyuma ndiyo sinema ya watu hawa. Hawachukui popcorn kwa sababu ya meno tu.

Baba alikuwa dereva. Alijua kila kichochoro cha Alexandria. Lakini trela ukigeuza usukani kulia yenyewe inakwenda kushoto, na hilo hakuambiwa na nduguze wa mtandaoni, au aliambiwa akapuuza. Alijaribu. Akatoka mbele, akarudi. Akakaribia kuingia ziwani, akatoka. Jasho lilimaliza ile kazi yote ya pasi. Ndipo mzee mmoja mweusi, mrefu, mwenye kofia ya majani, aliponyanyuka kwenye kiti chake akaja dirishani.

"Hujambo, ndugu yangu. Naitwa Leroy. Je, ungependa nikuelekeze?"

Baba alikanyaga breki. Mzee Leroy alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa hapohapo Maryland, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani kwa mapenzi yake, na alikuwa mweusi pekee katika klabu ile hadi sisi tulipofika. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kuliko shati la Baba.

"Zungusha usukani polepole kuelekea kushoto," alisema akitembea kinyumenyume. "Vema sana. Simama. Sasa tafadhali weka kabari chini ya magurudumu."

"Niweke nini?"

"Kabari."

"Aah, kabari," Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayelijua neno tangu tumboni mwa mama yake. Mzee Leroy alipoona anaangaza macho chini akitafuta jiwe, alimletea vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mshazari na akavisukuma mwenyewe chini ya tairi. Baba akaifungua trela kutoka kwenye gari. Ile miguu ya chuma ya kushusha pembeni ilikuwa imeshikwa na kutu, haikushuka, lakini kabari zipo, hofu ya nini? Mwenyekiti wa klabu, mzee mmoja mwekundu aliyeitwa Walt, alipita akakagua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakumbusha kwamba sheria ya kambi inaruhusu wageni wachache tu na kelele kidogo. Baba akamwambia sisi ni watu wa kimya sana. Mama, ambaye alikuwa hajafumba jicho tangu jana yake, alisema anaingia ndani anyooshe mgongo kidogo.

Saa sita mchana kanisa likafika.

Tulilisikia kabla ya kuliona, kwa sababu walikuja wakiimba na madirisha wazi. Gari la kwanza, la pili, basi dogo la kanisa, mengine nyuma yake mpaka pale barabara inapopinda. Walishuka akina mama wa vitenge na vilemba, akina baba wa suti, maana trela ni nyumba na nyumba haizinduliwi kwa kaptula. Walileta sufuria za pilau. Walileta blanketi la duma, lenye picha yake, lile zito la kuua mtu, chupa za chai, seti ya glasi, saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko ya maji. Mama Furaha, Mkongomani wetu wa kwaya, alisimama mbele ya trela akapiga makofi. "Eh, mon Dieu, nyumba iko na magurudumu! Mukigombana na jirani, munahama tu!" Mzee Kioko, ambaye hakuna harusi wala msiba uliofanyika bila yeye kushika kisu, alishusha jiko la mkaa na mbuzi aliyechinjwa, ambaye tayari alikuwa ameshajua mambo yake.

Nilimtazama Baba. Kwa upande mmoja walisimama watu waliomzika mama yake kwa michango alipofariki nyumbani Machakos na yeye hana nauli. Upande wa pili walikaa wenye viti vya kukunja, midomo wazi. Walt alikuwa tayari anakuja, hatua za mtu mwenye sheria.

"Baba," Walt akasema, "hawa ni nani?"

"Wageni wachache," Baba akasema.

"Kesho asubuhi kuna kura. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi waambie waondoke."

Baba aliangalia zile sufuria. Naapa nilimwona akifungua mdomo. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba mtu aliyekuletea chakula humwambii aondoke, unamwambia aketi, na kama klabu ina kiti cha ziada angeshukuru. Walt akageuka akaondoka. Nikajua trela imekwenda Fairfax.

Mchungaji naye akasema tuombe kabla ya kula. Sasa, kuombea gari kwetu ni kulishika. Watu wote wakaja upande mmoja, ule wa mbele uliokuwa kivulini, wakaweka mikono kwenye trela, wengine kwenye mabega ya wenye mikono. Maombi yakaanza chini, yakapanda. Mchungaji alikuwa mtu wa Kitui, haombi kwa haraka. Alikabidhi paa, akakabidhi madirisha, akakabidhi matairi mojamoja. Watu walipashwa moto na Roho na wakaanza kusukuma. Nilikuwa nimefumbua jicho moja, kama watoto wote wa wakati ule, na nikaona ule mstari wa kahawia ukisogea.

"Mom's in there," Mutua akasema. Kisha akapiga kelele: "It's moving! Mom's in there!"

Kumbe kabla ya maombi lile jiko la Mzee Kioko lilikuwa limeyumba kidogo, ardhi haikuwa sawa. Naye, mtu wa kazi, alitafuta kitu cha kulisawazisha, akaona vipande viwili vya mbao vimelala bure chini ya tairi. Akavichukua. Mbuzi alikaa sawa kabisa.

Trela iliteremka mteremko polepole, bila haraka, kama mama mnene anayeshuka ngazi na mizigo. Chini kulikuwa na ziwa. Baba alikimbia mbele yake akaegemeza mgongo, jambo ambalo halikuwahi kumsaidia mtu yeyote. Watu wa kanisa, ambao sekunde moja iliyopita walikuwa wakisukuma kwa imani, walianza kuvuta kwa imani hiyohiyo. Na hapo nikaona kitu ambacho sijakisahau. Vile viti vya kukunja vilianguka vyote kwa pamoja. Wale wazee wenye magoti ya bandia walikuja mbio. Mmoja alirusha gogo mbele ya tairi, likarukwa. Mzee Leroy alishika ile pua ya mbele ya kuvutia, akipaza sauti kwa Kiswahili chake, "Vuteni, ndugu zangu! Vuteni!" Walt mwenyewe alisukuma meza ya mbao ya kambi ikaja kukaa njiani, na trela ikaigonga, ikalia krrr, ikasimama. Ziwa lilikuwa pale, unaweza kulitemea mate.

Mlango ukafunguka. Mama akatoa kichwa, kilemba kimekwenda upande, alama ya mto shavuni. Akatazama kanisa zima, Wazungu wanaohema, mume wake amelala chini na tope mgongoni.

"Tumefika?" akauliza.

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilivunja ile sheria ya kelele kwa mwaka mzima. Kila mtu alicheka isipokuwa Baba. Kanisa lilikula, likaosha vyombo, likaondoka kabla ya giza. Trela ilivutwa ikarudishwa mahali pake, na safari hii Walt aliweka kabari mwenyewe. Baba alikaa mlangoni akitazama ziwa. Mama akamletea chai ya maziwa. Hawakuzungumza habari ya kesho.

Alfajiri niliamka kwa sababu ya mvua iliyokuwa ikidondoka juu ya paa la bati, tap, tap, na tone moja moja mguuni mwangu, maana yule mpole wa Fairfax alisema haivuji sana. Mutua alikuwa akikoroma kitanda cha juu. Baba alikuwa akikoroma kwenye ile meza inayogeuka kitanda. Katikati yetu alikaa Mama, amejifunika lile blanketi la duma, macho wazi.

"Mama, mbona hujalala?"

"Lala, Mwende. Ninawasikiliza."

Nikadhani amezoea tu kukesha. Ilinichukua miaka kuelewa. Mwanamke yule alikuwa amesikiliza pumzi za wazee wa watu wengine usiku wote wa maisha yetu ya Amerika, mlango kwa mlango, na ule ulikuwa usiku wake wa kwanza, tangu tushuke kwenye ndege, kuzisikia za watoto wake. Alijua kwamba baada ya kura huenda usiwepo mwingine. Asingeupoteza kwa kulala.

Kura ilipigwa saa tatu, chini ya turubai. Baba alivaa lile shati, tope na yote. Aliomba radhi, akasema trela ataiondoa na anawashukuru. Walt akasema sheria ya wageni imevunjwa, sheria ya kelele imevunjwa, na meza ya kambi imevunjwa pia. Kisha akajikuna shingo akakiri kwamba mwaka wake wa kwanza aliondoka kambini na trela huku bomba la maji machafu bado limeunganishwa, akalivuta barabarani hadi kituo cha mafuta. Bibi mmoja akasema yeye alimsahau mume wake chooni mwa kambi, akakumbuka alipofika jimbo jingine. Mzee Leroy akasimama akasema yake iliingia ziwa hilihili, magurudumu yote mawili. Wakaanza kushindana, kila mmoja na aibu yake, na nyuso zinang'aa. Kumbe shati lililopigwa pasi ndilo lililowatia wasiwasi. Mtu asiye na mkasa hawakujua wampe kiti gani.

Kura ikapita. Wiki iliyofuata, pale uwanjani Landover, Walt alimkabidhi Baba kabari mbili mpya, zimepakwa rangi ya njano, na kila moja imeandikwa BABA kwa herufi kubwa. Alimwambia zisikaribie jiko.

Tulikwenda kila mwaka kiangazi, mara nyingi kadiri Mama alivyoweza kupata ruhusa, mpaka Mutua akaenda chuo na mimi nikafuata. Kanisa lilikuja pia, kwa makundi yanayoruhusiwa, na Walt akajifunza kuomba maini kwa Kikamba. Mwishowe sakafu ya trela ilioza kabisa, Baba akaiuza kwa mtu mwingine, akimhakikishia kwamba haivuji sana.

Leo mambo ni mazuri, asanteni kwa kuuliza. Vijana wa siku hizi wanauza samani zao ili wakalale ndani ya gari, wanajipiga picha miguu ikiwa imetokeza mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi, na wanaita hayo uhuru. Wana vizuizi vya tairi vinavyozungumza na simu. Wana programu ya kuwafundisha kupumua. Sisi tuna majumba Maryland ambayo ukimwita mtu kula inabidi umtumie ujumbe. Wazazi wetu wamestaafu, wana nyumba ya vyumba vitano, na hakuna tena anayetoka usiku kwenda kazini. Sikukuu tunajaa humo sote, watoto wa Mutua na wangu, kila kundi na chumba chake na mlango wake, kila mtu na vidude vyake masikioni. Paa halivuji hata tone. Hakuna anayemsikia mwenzake.

Krismasi iliyopita binti yangu alikuja kunilalamikia asubuhi. "Mommy, Grandma keeps opening our door. I close it and she opens it again. It's creepy." Nikamwambia nitazungumza na bibi yake. Usiku nilipanda juu na hotuba yangu tayari, ya mambo ya faragha na mipaka, maana na mimi siku hizi ni mtu wa mipaka. Kwenye korido nikakuta milango miwili iko wazi, wa watoto wa Mutua na wa watoto wangu, na chini ya kila mmoja kumesukumwa kipande cha mbao chenye rangi ya njano iliyopauka. Mama alikuwa amekaa katikati kwenye kiti, na lile blanketi la duma miguuni. Aliweka kidole mdomoni mwake, kwamba ninyamaze.

Nikarudi chumbani kwangu, na mlango nikauacha wazi.